Mbona hawarudi bandarini? Mbio za bahari kuu zinapokutana na tufani

Kila mwaka zikifika zile siku za baada ya Krismasi simu yangu inajaa video za aina moja. Boti nyeupe imelala ubavu, watu wamejipanga ukingoni miguu inaning'inia nje kama watoto kwenye gati, wimbi linakuja kama ukuta wa ghorofa, pua ya boti inazama, inaibuka upande wa pili inamwaga maji, na aliyenitumia anauliza lile lile la mwaka jana. Hawa watu wana akili kweli? Mbona hawashushi matanga wakatulia? Mbona hawarudi bandarini, na hizo mbio mbona hazisimamishwi?

Siku moja nikamwonyesha mjomba wangu, mzee ambaye amepeleka jahazi Tanga na Pemba tangu mimi sijazaliwa. Akaitazama mara mbili kimya, miwani puani, halafu akaweka kidole kwenye kioo cha simu. "Huyu wa mbele anakwenda vizuri. Wa kuombewa dua ni yule kule nyuma aliyegeuza." Mi nikashangaa maana kwa macho yangu aliyegeuza ndo mwenye akili pekee pale. Ikabidi nianze kusoma, na nilichokuta ni kwamba karibu kila kitu tunachodhani ni usalama baharini kwenye tufani, bandari, kutulia, lile boti la mpira la kujiokolea, saa ingine ndo penyewe panapoua.

Tuanze na maneno kidogo ili twende pamoja. Yoti ni chombo cha matanga kilichofunikwa juu, yaani kina sitaha na chumba chini yake ambacho mlango ukifungwa maji hayaingii, sio kama ngalawa au mashua zetu zilizo wazi. Mbio za bahari kuu ni zile zinazoondoka pwani na kulala njiani, siku kadhaa au hata miezi. Maarufu kuliko zote kwenye hizo video za Desemba ni Sydney kwenda Hobart huko Australia, zinaanza Desemba 26, za kwanza zilikuwa 1945, umbali maili za bahari 628, kama kilomita 1,163 hivi, karibu sawa na barabara ya Dar mpaka Mwanza, isipokuwa hapa hamna kituo cha kushuka kununua karanga. Spidi ya upepo na ya chombo wanaihesabu kwa noti, noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa, zidisha kwa 1.85 unapata kilomita. Na wenzetu wana ngazi za onyo: upepo wa noti 34 mpaka 47 ni upepo mkali, 48 mpaka 63 ni tufani, 64 kwenda juu ni nguvu za kimbunga.

Sasa upepo. Watu wengi tunadhani upepo wa noti 40 ni mara mbili ya upepo wa noti 20. Hapana, ni mara nne. Nguvu ya upepo inapanda kwa kuzidisha spidi kwa yenyewe, kwa hiyo noti 60 inasukuma mara tisa ya noti 20. Ukitaka kuhisi, toa kiganja dirishani kwenye basi likiwa linakwenda 40, halafu kitoe likiwa linakwenda 80 (konda akikuona ni juu yako). Mara ya pili mkono haujaongezeka uzito kidogo, unataka kung'oka begani. Ndo maana kazi ya kwanza kabisa kwenye yoti upepo ukianza kupanda ni kupunguza tanga, wanalikunja kwa chini hatua kwa hatua, hali ikizidi wanalitoa lote na kupandisha vitanga vidogo vya tufani vya kitambaa kigumu, mara nyingi rangi ya chungwa, vidogo mpaka unadhani wametundika taulo.

Lakini upepo peke yake hauzamishi yoti. Chini ya tumbo la yoti kuna mkuku, kitu kama pezi refu lenye madini mazito ya risasi, theluthi ya uzito wa chombo kizima na wakati mwingine zaidi. Mabaharia wetu wanaijua hii kazi, ni kazi ya farumi, yale mawe au mchanga unaowekwa ngamani jahazi likiwa halina mzigo lisipinduke, tofauti yake farumi ya yoti imening'inizwa nje, chini kabisa, haihami. Upepo ukiilaza yoti, ile risasi inaivuta irudi, na kadiri inavyolala ndivyo tanga linavyopoteza upepo, kwa hiyo wanafika mahali wanalingana. Ukiona boti imelala ubavu kwenye video usipige kelele, hapo iko kazini.

Kinachopindua ni wimbi, na si wimbi lolote, ni wimbi linalovunjika. Hapa tutulie kidogo maana ndo moyo wa habari yote.

Shika kanga pembe mbili uikung'ute. Utaona bonde na mlima vinakimbia mpaka mwisho, lakini kanga haijaenda popote, imo mikononi mwako. Wimbi la bahari kuu liko hivyo, kinachosafiri ni msukumo, maji yenyewe yanapanda na kushuka palepale. Ndo maana wimbi la mita 8 lililolala vizuri, refu, mteremko wa taratibu, linainua boti ndogo na kuishusha kama lifti na mtu ndani anakunywa chai. Tatizo linaanza wimbi likisimama wima kupita kiasi, kichwa kinashindwa kukaa juu ya miguu, kinaanguka mbele. Hapo sasa maji yenyewe yanasafiri, kwa spidi ya wimbi. Na maji ni mazito jamani, lile tenki la lita 1,000 unaloliona juu ya paa la jirani likijaa ni tani moja. Kichwa cha wimbi kikikuangukia si tenki moja, ni mtaa mzima wa matenki.

Na pigo linategemea limekupata wapi. Kwa mbele, kwenye omo, chombo kinalipasua. Kwa nyuma, kwenye tezi, linakusukuma, ukiwa na mshika usukani mzuri unatelemka nalo. Kwa ubavu ndo balaa. Baada ya msiba wa mbio za Fastnet wa 1979, ambao nitaufikia, Waingereza walifanya majaribio na vielelezo vya boti kwenye matenki ya maji wakakuta kwamba wimbi linalovunjika likiwa na kimo cha asilimia 30 ya urefu wa boti na likaipiga ubavuni, linaweza kuipindua. Likifika asilimia 60, karibu kila boti waliyoijaribu iliviringika. Fanya hesabu, boti ya mita 12 ni wimbi la kama mita 3.6 tu. Si lile la ghorofa tano, ni kama kimo cha nyumba ya chini mpaka kwenye dari, basi, mradi limevunjika na limekukuta umelala upande.

Wimbi linakua kwa vitu vitatu, nguvu ya upepo, muda uliovuma, na uwanja wa maji ambao upepo umekimbia bila kuzuiwa na nchi kavu. Cha tatu ndo watu wanasahau. Upepo uleule ukivuma kati ya Unguja na bara hauna uwanja, ukivuma upande wa Paje, mashariki ya Unguja, nje ya mwamba una Bahari ya Hindi nzima, si bahari moja hiyo. Kule kusini mwa dunia chini ya Afrika na Australia uwanja hauna mwisho, upepo unazunguka dunia bila kugonga nchi kubwa yoyote mpaka Amerika ya Kusini. Halafu kuna cha nne, mkondo. Upepo ukienda huku na mkondo unakuja kule, mawimbi yanapunguzwa mwendo, yanabanana kama magari ya foleni Ubungo, na yakibanana hayana pa kwenda ila juu. Yanakuwa mafupi, wima, yanavunjika. Mjomba hahitaji mtu wa kumweleza hili, anasema kuna siku upepo ni wa kawaida tu lakini pale Nungwi maji "yanasimama".

Sydney kwenda Hobart njia yake imekusanya yote hayo. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unateremka pwani ya mashariki ya Australia kuelekea kusini, upepo mbaya unatoka kusini na magharibi unakutana nao uso kwa uso, halafu boti zinakata mbele ya mlango wa Bass, ile bahari kati ya Australia na kisiwa cha Tasmania, ambayo kina chake ni kama mita 60 tu wakati mashariki yake sakafu inaporomoka maelfu ya mita.

Mwaka 1998 waliondoka boti 115. Saa moja na ushee tu baada ya mzinga wa kuanzia idara ya hali ya hewa ikapandisha onyo, kutoka upepo mkali kwenda tufani. Kesho yake, Desemba 27, boti nyingi zikiwa zimeshafika pale kwenye mlango wa Bass, ikaja kama ilivyosemwa na zaidi, upepo unapita noti 65 na vishindo, yaani upepo wa ghafla, karibu na 80, hiyo ni kilomita 148 kwa saa. Watu 6 walikufa. Boti 5 zilizama, mabaharia 55 waliokolewa, wengi kwa helikopta zilizokuwa zinashusha waokoaji kwa waya katikati ya mawimbi, na katika zile 115 zilizofika Hobart ni 44.

Utasema basi si walionywa? Walionywa, na hapa pana funzo ambalo mi binafsi lilinigusa kuliko yote kwa sababu linatuhusu hata sisi tunaopanda boti za kwenda Unguja. Utabiri unaposema upepo noti 45, hiyo ni wastani. Vishindo vinaweza kuzidi hapo kwa asilimia 40. Na utabiri unaposema mawimbi mita 5, hiyo nayo si wimbi kubwa kuliko yote, ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa, na moja moja yanaweza kufika mara mbili yake. Mabaharia wengi wa 1998 walisikia namba wakaichukua kama mwisho, kumbe ilikuwa kati. Mpelelezi wa vifo aliyechunguza msiba ule alilizungumzia hili, na baada ya hapo idara ya hali ya hewa ya Australia ikaanza kuandika kabisa kwenye utabiri wake wa bahari kwamba vishindo vinaweza kuzidi kwa asilimia 40 na mawimbi yakafika mara mbili. Hata TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wakisema "mawimbi makubwa yanayofikia mita mbili" mi siku hizi nikisoma, kichwani naongeza.

Haya, bandari. Turudi kwa yule wa mjomba aliyegeuza.

Boti inayokwenda Hobart kwenye upepo wa kusini-magharibi inayapokea mawimbi kwa mbele kidogo upande, inakwenda joshi, yaani inaukabili upepo, inapiga, inaumiza mgongo, lakini omo ndo iko mbele. Ukitaka kurudi bandari ya Eden, ambayo ndo ya mwisho pwani ile, lazima ugeuke, na kugeuka maana yake kuna muda ubavu wako wote unaangalia wimbi, na njia nzima ya kurudi mawimbi yanakuja kwa nyuma upande, yanakuzungusha. Boti Sword of Orion ilikuwa imeshaamua kuacha mbio na imegeuka kurudi wakati wimbi lilipoiviringisha. Aliyekuwa ameshika usukani, Glyn Charles, Mwingereza aliyewahi kushindana Olimpiki, alirushwa majini, mkanda wake ukakatika, wenzake walimwona wakashindwa kumfikia kwa sababu boti ilikuwa imevunjika kila kitu. Wakati huohuo boti ya futi 35 tu, AFR Midnight Rambler, mabaharia wake walijadiliana wakaona kugeuka ni hatari kuliko kuendelea, wakaendelea, mshika usukani anasoma wimbi moja moja, anapanda nalo kwa pembe, anachagua pa kupita. Hawakufika tu, wao ndo walioshinda mbio zile kwa hesabu ya muda uliorekebishwa, ile inayozipa boti ndogo haki yake mbele ya zile kubwa.

Usinielewe vibaya, sisemi kuendelea ni jibu siku zote. Wengi waliogeuka wakafika Eden salama wakanywa supu. Ninachosema ni kwamba swali la baharini si "nyumbani ni wapi", ni "wimbi litanikuta nimekaaje". Na bandari yenyewe ina lake, ukifika karibu na nchi kavu maji yanapungua kina, mawimbi yanavunjika zaidi, na upepo unakusukuma kwenye miamba. Chombo katikati ya bahari kina nafasi ya kukosea, chombo mbele ya mwamba hakina.

Na kushusha matanga yote mkatulia? Hii ndo naisikia zaidi. Fikiria bodaboda, ikitembea inasimama, ukiisimamisha bila kuweka mguu inaanguka. Usukani unafanya kazi maji yakipita juu yake, chombo kikikosa mwendo usukani ni ubao tu, na chombo kisicho na mwendo bahari inakigeuza chenyewe mpaka kilale ubavu kwa wimbi, yaani hasa pale tusipopataka. Kwa hiyo wanabakiza kitanga kidogo ili waweze kuelekeza pua. Wengine wanaokimbia na upepo wanafunga nyuma kamba ndefu yenye vijimwavuli vya kitambaa vinavyoburuzwa majini, vinazuia boti isitelemke wimbi kwa kasi ikachimba pua. Kukaa kimya kupo, wanageuza tanga la mbele kinyume na usukani kinyume vikazuiana boti ikawa inajongea taratibu, lakini hata huko ni kukaa kwa kupangwa, si kuacha.

Kasi nayo ni ugonjwa wake. Novemba 30, 2020, Mfaransa Kevin Escoffier, peke yake kwenye mbio za Vendée Globe za kuzunguka dunia, alikuwa wa tatu, kusini-magharibi ya Rasi ya Tumaini Jema. Haikuwa hata tufani. Boti yake PRB ikatelemka wimbi noti 27, ikachoma wimbi la mbele, ikakunjika katikati, pua ikainuka angani. Alipata sekunde chache za kuandika ujumbe kwamba anazama na si mzaha, akavaa nguo nzima ya kujiokolea inayozuia maji na baridi, wimbi likamtoa nje, akaingia kwenye boti la mpira. Mshindani mwenzake Jean Le Cam akageuza kumtafuta, akamwona, akampoteza, akampata tena usiku kwa mwanga wa taa ndogo. Masaa 11 yalikuwa yamepita.

Hapo boti la mpira lilimwokoa kwa sababu chombo chake kilikuwa kimekwisha. Lakini nenda Fastnet, Agosti 1979. Boti 303 zilitoka kusini mwa Uingereza kwenda kuzunguka mwamba wa Fastnet ulioko nje ya Ireland na kurudi, tufani ikawakuta usiku wa kuamkia tarehe 14, waliomaliza ni 85 na mabaharia 15 wakafa. Uchunguzi ulipofanywa likatoka jambo ambalo hakuna aliyelitegemea, watu 7 katika wale 15 walikufa kwenye mambo yanayohusu maboti ya mpira, na yoti ambazo hao saba walizikimbia zilikutwa baadaye zinaelea zikavutwa mpaka bandarini. Boti 24 ziliachwa na wenyewe, zilizozama ni 5.

Jaribu kuwa ndani uone kwa nini wanakimbia. Giza, boti imeviringika imerudi, mlingoti umevunjika unagonga bodi kila wimbi likipita, maji yako kiunoni yanaelea magodoro, betri zinatoa harufu, makopo ya chakula yanakupiga kichwani. Kila kitu kinakuambia hii inazama. Na boti la mpira liko pale, rangi ya kung'aa, jipya, kimeandikwa kuokoa maisha. Kumbe yoti iliyojaa nusu maji mlango ukiwa umefungwa ni kama chupa yenye kizibo, inachukiza lakini inaelea, na boti la mpira ni puto lisilo na mkuku, wimbi linalitupa kama kifuu. Kwenye yoti moja ya Fastnet, Grimalkin, mabaharia watatu waliingia kwenye boti la mpira wakaokolewa, na wakaacha wenzao wawili waliodhani wamekufa. Hawakuwa wamekufa. Mmoja alifariki baada ya muda, mwingine alikaa masaa humo ndani anakumba maji kwa ndoo mpaka helikopta ikamkuta, na Grimalkin yenyewe ikabaki inaelea.

Toka hapo mabaharia wana msemo wao kwamba kwenye boti la mpira unapanda, huteremki, yaani subiri mpaka yoti imezama kiasi kwamba lazima uinue mguu kuingia. Wavuvi wetu nao wanafundishana kwamba chombo kikipinduka shikilia chombo, usiogelee kwenda nchi unayoiona, ni kitu kilekile.

Na hata hapo hamna uhakika. Winston Churchill, boti ya mbao iliyokuwa imeshiriki mbio za kwanza kabisa za 1945, ilizama kweli mwaka 1998, watu tisa wakagawana maboti mawili ya mpira wakayafunga pamoja, kamba ikakatika. La watu wanne wote walipona. La watano likapinduliwa na wimbi, watatu wakachukuliwa.

Kuhusu mikanda niseme kwa ufupi. Kila baharia anavaa mkanda wa kifuani wenye kamba fupi na kulabu, anajifunga kwenye utepe uliolazwa sitahani, akienda mbele anakwenda nao. Unaokoa maisha kila siku na mara chache unakugeuka, kwenye Business Post Naiad mwaka 1998 boti ilikaa kichwa chini dakika kadhaa na baharia mmoja akazama akiwa amefungwa palepale. Na kwenye boti Kingurra mwaka huohuo mmoja alitupwa nje amepoteza fahamu, wenzake wakamvuta kwa kamba yake mpaka ukingoni, na kwa kuwa mwili umelegea koti likamvuka kichwani pamoja na mkanda wote, wakabaki wameshika koti. Helikopta ya polisi ilimtoa majini baada ya zaidi ya nusu saa, hai. Siku hizi kila mmoja ana kifaa kidogo kinachotoa ishara ya mahali alipo akianguka. Mwaka 2024 baharia wa Porco Rosso alitupwa nje usiku, akawa zaidi ya kilomita moja kutoka boti, wakamfuata kwa ile ishara wakamtoa.

Usiku huohuo wa 2024 wawili walikufa kwenye boti mbili tofauti, na hawa hawakuzama, waligongwa na zana za tanga kubwa. Tanga kubwa la yoti limefungwa kwenye boriti ndefu ya chini, upepo ukilipata kwa upande wa pili boriti inavuka boti nzima kwa kishindo, yenyewe na kamba zake, na ukisimama njiani imekwisha. Mjomba alielewa hilo bila maelezo, foromali, boriti inayoshika tanga la jahazi, nayo imeshawaangukia watu anaowajua.

Mwisho kabisa wa maswali, mbona hazisimamishwi. Kwanza fikiria utasimamisha vipi, boti mia zimetapakaa mamia ya kilomita, ukitangaza mbio zimekwisha bado kila mmoja yuko palepale na wimbi lilelile, hujampunguzia hata tone. Kanuni za mashindano ya matanga duniani zinasema uamuzi wa kushiriki na wa kuendelea ni wa chombo chenyewe peke yake, nahodha ndo anayeijua boti yake na watu wake. Mi nakubaliana na hilo, ila si mia kwa mia, maana ripoti ya msiba wa 1998 iliwalaumu wasimamizi kwamba walikuwa watazamaji tu badala ya kuzisimamia mbio. Tangu hapo kuna sharti, boti ikifika rasi ya Green Cape, kabla ya kuuingia mlango wa Bass, lazima ipige redio iseme kwamba chombo ni kizima, watu wana afya, vifaa vyote vinafanya kazi, tumesikia utabiri, tunaendelea. Hapo ndo mahali pa kugeuka mapema, Eden ikiwa bado jirani na ubavu haujawa hatarini.

Nilimsomea mjomba yote haya barazani jioni moja, akawa anaitikia tu, mkondo anaujua, farumi anaijua, aliyegeuza alishamwona. Nilipomaliza akauliza jambo moja, mshindi anapewa shilingi ngapi. Nikamwambia hamna pesa, anapewa kikombe na saa ya mkononi.

"Saa," akasema.

Akaomba simu aitazame tena ile video.